Laptopu iliyokwama kwenye 0,39: ubao mkuu usiununue bado

Swali: Jambo Papa fundi. Nina sekretaria ndogo karibu na Kasapa, nachapa TFC (kazi za mwisho wa masomo) na mémoire za wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Mashine yangu ni Dell Latitude E7470, Core i5, niliinunua okazyo (iliyokwisha tumika) na ilikuwa inakimbia vizuri. Tangu mwezi wa tano imekuwa nzito kupita kiasi. Kufungua Word ni kungoja, na kugeuza faili kuwa PDF ni kungoja zaidi. Kijana mmoja aliniwekea Windows upya mara mbili, nikalipa dola 20 kila mara, hakuna kilichobadilika. Mwingine akaongeza ramu. Wa tatu akasema prosesa imezeeka, nibadilishe karte mère (ubao mkuu). Nimeangalia mwenyewe: prosesa inaandika asilimia 100, vitesse 0,39 GHz, na haitoki hapo. Betri nayo imebaki asilimia 41, haipandi, wananiambia imekufa. Chaja ni mpya, ile ya kwanza iliungua siku kuran (umeme) iliporudi kwa nguvu. Je, ninunue karte mère? Na kwa sasa nifanye nini? Wanafunzi wanadepoze (wanawasilisha kazi zao) wiki ijayo.

Jibu: Mama, hapana. Ubao mkuu usiununue, na betri hiyo usiitupe. Kwa maoni yangu kisa chote kimo katika ile sentensi uliyoitaja kwa kupita tu, ile ya chaja. Lakini usiniamini kwa maneno. Nitakupa vipimo vya kufanya hapo hapo kwenye meza yako, na kile cha kwanza hakikugharimu hata faranga moja.

Tuanze na hiyo namba. Core i5 ya E7470 mara nyingi ni i5-6300U. Mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2,4, na ikibanwa na kazi hupanda hadi 3,0. Mwendo huo hutokana na pigo la msingi la megahezi 100 linalozidishwa: 24 mara 100, unapata 2,4. Kizidishi cha chini kabisa ambacho prosesa hiyo inakikubali ni 4. Nne mara mia ni megahezi 400, na kwa kuwa pigo lenyewe huwa pungufu kidogo ya 100, Windows inakuandikia 0,39. Yaani unachokiona ni sakafu yenyewe. Prosesa iliyochoka haifanyi hivyo, na kusema kweli prosesa hazizeeki kwa namna hiyo. Zikiharibika, mashine haiwaki, au inajizima katikati ya kazi, au inaleta ile skrini ya bluu. Hazichagui ngazi ya chini kabisa na kukaa hapo wiki baada ya wiki bila kuyumba. Namba iliyotulia hivi ni amri. Kuna kitu kimeiambia prosesa ishuke, nayo imetii, na huyo aliyetoa amri ndiye wa kutafutwa.

Wasomaji wengine wasikimbilie kuogopa. Ukifungua Gestionnaire des tâches (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha Performance, kisha Processeur) ukakuta 0,8 wakati hufanyi chochote, hiyo ni afya. Prosesa inapumzika ili isile umeme bure. Shida ni pale asilimia ya matumizi iko juu kama kwa Mama huyu na mwendo haunyanyuki.

Amri ya kushuka inaweza kutoka kwa Windows. Ndani ya Options d'alimentation, kwenye mipangilio ya juu, kuna sehemu ya Gestion de l'alimentation du processeur, na humo kuna État maximal du processeur. Ikiandikwa 5 badala ya 100, mashine yoyote itatambaa. Huwa inatokea: mtu anataka laptopu isichemke, anacheza na namba, anasahau. (Ukiona 99, huyo ni mtu aliyejua anachofanya, maana 99 huzima ile nguvu ya ziada na kupunguza joto.) Lakini wewe umewekewa Windows upya mara mbili, na Windows mpya inakuja na 100 hapo. Kwa hiyo Windows haina kosa, na mara ya pili ya kuiweka upya haikuwa na sababu yoyote. Fundi anayetaka kujua kama kosa ni la Windows hana haja ya kuifuta. Anawasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows) bila kugusa diski, anaangalia mwendo, basi. Ukiwa wa chini na huko pia, Windows imeachiwa huru ndani ya dakika kumi na mafaili ya mteja yako salama.

Ramu uliyoongezewa itakusaidia baadaye ukifungua mafaili makubwa. Kwa ugonjwa huu haikuwa dawa.

Mshukiwa wa pili ni joto, na hapa Lubumbashi nawaelewa mafundi wanaoanza naye. Mvua zikiisha, kuanzia Mei, lile vumbi jekundu la Katuba, la Ruashi, la barabara zote zisizo na lami linaingia kila mahali, na feni ya laptopu inalivuta siku nzima. Baada ya misimu miwili mapezi ya shaba yanayotoa joto yanakuwa yameziba kama blanketi. Shida yako imeanza mwezi wa tano, hivyo mtu yeyote angefikiria vumbi. Ila joto lina tabia yake. Prosesa hii inajilinda inapokaribia nyuzi 100, na ikifika huko inashuka, inapoa, inapanda tena, inashuka tena. Mwendo unakuwa wa kupanda na kushuka, na unaanza vizuri kabla haujaharibika. Sasa jiulize: asubuhi ya Juni, baridi ile ya kuvaa koti, unawasha mashine iliyolala usiku kucha, imepoa kabisa, na ndani ya dakika ya kwanza iko 0,39? Kama jibu ni ndiyo, si joto la prosesa. Weka programu ya bure ya HWiNFO uthibitishe. Ukisoma nyuzi 45 na mwendo 0,39 kwa wakati mmoja, vumbi nalo liachie. Feni isafishwe siku nyingine, kwa sababu zake.

Anabaki ubao mkuu wenyewe, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotea njia. Wanasikia kwamba amri inatoka kwenye ubao, wanaamua ubao ni mbovu, kumbe ubao unafanya kazi yake sawasawa.

Kwenye prosesa za Intel kuna waya mmoja wa ishara, unaitwa PROCHOT, ambao prosesa inautumia kutangaza kwamba imechemka. Waya huo unafanya kazi pande zote mbili. Prosesa inaweza kusema kupitia huo, na sehemu nyingine za mashine zinaweza kuiambia prosesa kupitia huo huo: wewe umechemka, shuka. Upande huu wa pili unaitwa BD PROCHOT. Prosesa haibishani na haiendi kukagua kipimajoto chake kwanza. Inashuka hadi sakafuni na kubaki hapo mpaka ishara iondolewe. Watengenezaji waliuweka ili kulinda sehemu ambazo prosesa haizioni, kwa mfano zile zinazogawa umeme kwenye ubao. Dell wanautumia pia kwa jambo jingine: chaja wasiyoitambua.

Itazame ncha ya chaja ya Dell, ile ya duara. Katikati kuna sindano nyembamba. Umeme wenyewe hauipiti. Unapita kwenye kuta za ncha, ndani na nje. Sindano ni ya maneno tu. Ndani ya chaja halisi kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, na laptopu inaisoma kupitia sindano hiyo: chaja hii ni ya aina gani, ina wati ngapi, volti ngapi, ampea ngapi. Chipu isipojibu, mashine haijui kama kitu kilichochomekwa kinaweza kubeba wati 65 inazohitaji au kitaungua baada ya saa moja. Ni kama dereva wa lori anayefika mpakani Kasumbalesa bila karatasi: harudishwi alikotoka, lakini hasongi. Laptopu nayo inapokea umeme, inawaka, ila inafanya mambo mawili. Inaacha kuchaji betri, na inaishusha prosesa hadi chini kabisa ili itumie umeme kidogo.

Soma barua yako tena, Mama. Betri haipandi kutoka 41. Prosesa iko sakafuni. Chaja ilibadilishwa baada ya ile ya kwanza kuungua. Watu watatu wamekueleza mambo matatu tofauti, na yote matatu yanaweza kuwa jambo moja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Hifadhi kazi yako, fungua Gestionnaire des tâches kwenye ukurasa wa Processeur, acha kitu kizito kikiendelea (ugeuzaji wa PDF unatosha), kisha chomoa chaja ukiwa unaangalia namba. Asilimia 41 ya betri inatosha kabisa. Mwendo ukiruka hadi 2 na kitu ndani ya sekunde chache, umemaliza kazi ya upelelezi: kosa liko kwenye chaja au kwenye tundu lake. Watu wa sekretaria hawakioni kitu hiki kwa sababu mashine zao zimechomekwa kutoka asubuhi hadi jioni. Anayebeba laptopu mgongoni angeshangaa mapema kuona kwamba kwenye betri inakimbia na kwenye umeme inatambaa.

Kipimo cha pili ni cha kuthibitisha. Zima mashine, iwashe, na nembo ya Dell ikitokea gonga F2 mara kadhaa uingie kwenye bayosi, ile programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Tafuta ukurasa wa Battery Information. Humo wameandika aina ya chaja iliyochomekwa. Chaja nzuri itaonekana kwa wati zake, 65 au 90. Ukikuta wameandika kwamba haijulikani, basi. Huenda utaniuliza mbona mashine haikukuambia mapema. Kwa kawaida inakuambia, kwa maandishi ya Kiingereza wakati wa kuwaka, na inangoja ubonyeze kitufe kuendelea. Watu wanazoea kubonyeza. Na onyo hilo linaweza kuzimwa humo humo kwenye bayosi; mashine ya okazyo inaweza kukufikia ikiwa mwenye kwanza alilizima zamani.

Kabla ya kununua chochote, azima. Mwanafunzi yeyote mwenye Latitude ya ncha ile ile atakukopesha chaja kwa dakika tano. Ikiwa ya 90 wakati yako ni ya 65, usiogope. Volti ni zile zile 19.5, na laptopu inachukua kiasi inachohitaji tu. Kinachokatazwa ni kinyume chake, kuilisha mashine kubwa kwa chaja ndogo. Ikiwa kwa chaja ya kuazima mwendo unarudi na betri inaanza kupanda, nenda ukanunue.

Na hapo kwenye kununua ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko pote. Kibandiko hakikuambii ukweli. Chaja za kuiga zimeandikwa Dell kwa herufi nzuri, 19.5V na 3.34A kama inavyotakiwa, ambazo ukizidisha unapata zile wati 65, na zingine hazina chipu kabisa ndani. Zingine zina sindano lakini haijaunganishwa na kitu. Uwe mjini au soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi, nenda na laptopu yako mkononi, chomeka kabla ya kulipa, ingia F2 mbele ya muuzaji, onyesha kidole pale panapoandikwa wati. Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekwambia bayosi haina maana, chukua hela zako uende duka linalofuata. Mimi ningechukua chaja halisi iliyotumika, yenye kebo isiyochubuka, kuliko ya kuiga mpya inayong'aa. Ni maoni yangu, lakini kwa Dell nayashikilia.

Usichukue chaja ya kampuni nyingine iliyochongwa ncha ili iingie. HP nao wana sindano yao, Lenovo za ncha ya mstatili zinatambuliwa kwa kipingamizi kidogo, na kila moja inaongea lugha yake. Chaja za tundu la USB-C zinapatana zenyewe na mashine, na huko kosa la kawaida ni kuchomeka chaja ya simu na kushangaa kazi haiendi.

Sasa, ikiwa chaja halisi nayo haitambuliki, angalia tundu. Kwa tochi ya simu, tazama ndani kama kuna uchafu, kama kitu kimepinda au kulegea. Tikisa ncha taratibu ukiangalia mwendo. Mwendo ukiruka na kushuka, waya umekatika. Kwenye Latitude nyingi, na hii yako imo, tundu la chaja halikuchomewa kwenye ubao mkuu. Ni kipande chenye kebo yake fupi, kinachofunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa. Fundi akikuambia kwamba tundu likifa lazima ubao wote, mwambie afungue akuonyeshe lilivyoshikwa.

Kuna jambo moja zaidi la kujaribu, hasa kwa kuwa yote haya yalianza siku umeme uliporudi kwa kishindo. Chipu inayosimamia chaja, betri na feni inaweza kubaki imeganda baada ya mshtuko wa umeme, na kuzima mashine kwa njia ya kawaida hakuiamshi kwa sababu betri inaendelea kuilisha. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, toa plagi ya betri kwenye ubao, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia sekunde 30. Rudisha betri, chomeka, washa. Wakati mwingine hili peke yake linamaliza shida. Kuhusu kuweka bayosi mpya, ambako wengine hukushauri haraka: si kwa sasa. Ukikatikiwa umeme katikati ya zoezi hilo, na betri yenyewe haichaji, ndipo utakapohitaji karte mère kweli.

Ubao mkuu unabaki mshukiwa wa mwisho: chaja halisi, tundu zima, chipu imeamshwa, na bado kwenye betri na kwenye umeme namba haitoki 0,39. Hapo kuna kipimajoto kilichokufa au sehemu iliyoungua inayoshikilia ule waya wa PROCHOT muda wote. Hata hapo, fundi mwenye multimita na anayejua kusoma mchoro anaweza kuitafuta sehemu yenyewe. Wapo hapa mjini, ingawa si wengi.

Ile chaja ya kwanza iliungua kwa sababu ambayo mtaa mzima unaijua. SNEL, shirika la umeme, wakikata, chomoa chaja ukutani. Wakirudisha, subiri dakika chache hadi taa zitulie ndipo uchomeke. Stabilizatere nzuri (kifaa cha kutuliza umeme) inafaa kwa sekretaria yenye fotokopi na mashine mbili tatu, lakini kuchomoa hakulipiwi, na kunalinda kuliko zile multiprise za bei rahisi zenye taa nyekundu wanazoziita kinga.

Umeniuliza ufanye nini kwa wiki hii. Njia safi ni kuazima chaja halisi jioni, ujaze betri, na mchana ufanye kazi nzito (PDF, kupanga jedwali la yaliyomo, picha nyingi) ukiwa umechomoa. Chaja yako ya sasa itakushushia mwendo lakini kwa kuchapa herufi tu inavumilika.

Ikiwa hupati wa kukuazima, kuna ThrottleStop, programu ndogo ya bure ya Windows iliyotengenezwa na Kevin Glynn. Ukiifungua utaona kisanduku kilichoandikwa BD PROCHOT kikiwa na alama. Ondoa alama, na prosesa itaacha kusikiliza amri za nje. Utaona namba ikipanda hapo hapo. Ulinzi wake wa ndani, ule wa nyuzi 100, unabaki. Ukizima mashine na kuiwasha, inabidi urudie, na betri bado haitachajiwa, kwa kuwa hilo ni shauri jingine kati ya ubao na chaja. Watu wanaitumia hivi miaka na kuiita matengenezo. Mimi siiti hivyo. Umeizima sauti ya mlinzi, na chaja isiyojulikana sasa inaombwa nguvu ambayo huenda haina. Kwa hiyo iwe ni ya wiki hii, kwa kuchapa na PDF, si kwa video. Chaja iweke juu ya saruji au kigae, si juu ya rundo la karatasi za wanafunzi, wala usiiache ikifanya kazi ukiwa umefunga duka. Baada ya nusu saa iguse: ikiwa huwezi kuuacha mkono wako juu yake, chomoa, rudisha alama kwenye kisanduku, na umalize TFC zilizobaki kwenye mashine ya jirani.